Redio tatu za satelaiti: ulipie vifurushi vitatu, kimoja, au uhame na redio yako?

Kila mwezi wa tatu nafanya usafi wa kadi ya benki. Nakaa mezani na kikombe cha chai, nafungua taarifa ya mwaka mzima, na kila kinachokatwa kimyakimya nakiuliza maswali. Mwaka juzi usafi huo uliniumbua. Nilikuta nimelipia redio ya satelaiti miezi saba ndani ya pikapu niliyokwisha kuiuza. Gari niliuza mwenyewe, funguo nikakabidhi mwenyewe, noti nikahesabu mwenyewe, na redio iliyokuwa kwenye dashibodi nikaisahau mwenyewe. Aliyenunua bila shaka alidhani muziki umekuja na gari. Sikuwa na wa kumlaumu. Nilisitisha malipo, nikamalizia chai ikiwa imepoa.

Tangu siku hiyo madereva wenzangu wa hapa Texas wananiuliza mimi, kana kwamba mtu akishaanguka shimoni anakuwa fundi wa mashimo. Swali ni lilelile: "Kaka, nina redio mbili, tatu. Nilipieje?"

Jibu langu fupi: usihesabu redio. Hesabu watu wanaosikiliza kwa wakati mmoja mahali ambapo simu haina mtandao. Wengi wetu tuna redio tatu na msikilizaji wa satelaiti mmoja tu. Jibu refu ndilo hili.

Kwanza tuelewane. Marekani redio ya satelaiti ni SiriusXM, basi. Zamani zilikuwa kampuni mbili: XM ilianza kurusha matangazo Septemba 2001, Sirius ikafuata mwaka 2002, zikashindana huku zote zikipoteza fedha, mpaka Julai 2008 zilipoungana. Kwa hiyo hapa hakuna kulinganisha kampuni na kampuni. Tunalinganisha namna za kulipia, pale unapokuwa na redio kwenye lori, nyingine imekuja na gari la mama watoto, na pengine ya tatu unaitaka jikoni.

(Wakubwa wa Nairobi na Dar wataikumbuka WorldSpace, ile iliyokuwa na satelaiti ya AfriStar, iliyorushwa angani Oktoba 1998. Mwanzilishi wake, Noah Samara, ni mzaliwa wa Addis Ababa, na kampuni yake ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wa mwanzo wa XM. Yetu ikafilisika mwaka 2008, binamu yake wa Marekani akapona. Naamini kilichomponya ni magari: huku redio inafungwa kiwandani, unanunua gari unaikuta imo. Sisi tulitakiwa tununue kidude na antena yake, halafu bado tulipie.)

Redio haikujui

Ukielewa jambo hili moja, mengine yote yatajipanga. Malipo hayafungwi kwa mtu, yanafungwa kwa redio. Kila redio ina namba yake ya utambulisho, na satelaiti inaizungumzia namba hiyo: fungua, funga. Ni king'amuzi cha nyumbani kabisa. Umelipia cha sebuleni, ukihamia chumbani kwenye king'amuzi kingine unakuta kiza, hata kama mwenye nyumba ni yuleyule. Mzee mmoja wa Bukavu, dereva wa siku nyingi, alinielezea kwa mkato tulipokuwa tunasubiri kushusha mzigo: "Mutoto yangu, radio haikujui weye. Inajua namba yake tu."

Namba hiyo utaiona ukienda chaneli 0. Kwenye magari mengine imefichwa ndani ya menyu, lakini anza na chaneli 0. Redio za ukoo wa XM zina tarakimu na herufi nane zilizochanganywa. Za ukoo wa Sirius zina tarakimu kumi na mbili tupu. Ndiyo, kampuni ziliungana lakini koo mbili za redio bado zipo barabarani: Honda na General Motors walikuwa upande wa XM, Ford na Chrysler upande wa Sirius. Mara ya kwanza kuiandika namba yangu nilikaa ndani ya lori nimevaa miwani ya kusomea, nikaandika O ya herufi mahali palipokuwa na sifuri, nikarudia mara tatu na mara tatu ikakataa. Baadaye ndipo nikasoma kitabu cha redio: namba hizo hazitumii kabisa herufi I, O, S wala F, kwa sababu ya vipofu kama mimi. Ukiona duara, ni sifuri. Ukiona kijiti, ni moja.

Ukishalipia, amri ya kufungua inatoka angani. Redio lazima iwe imewashwa na antena ione mbingu. Ukilipia gari likiwa gerejini, au redio imezimwa, amri inapita juu ya paa lako na kwenda zake, kisha unabaki kulalamika kwamba umelipa na hakuna kitu. Toka nje, washa, omba watume tena. Subiri dakika kadhaa bila kugusagusa.

Hata wale waliouziwa usajili wa "maisha" miaka ya mwanzo walikuja kugundua kwamba maisha yaliyotajwa ni ya redio, si ya kwao. Redio ikifa, au gari likiuzwa, kuhamisha kulikuwa na masharti na ada, hadi wateja wakaenda mahakamani. Ukikuta mtu mtandaoni anauza redio ya zamani "yenye usajili wa maisha", uliza maswali mengi kabla ya kutoa hela.

Njia ya kwanza: kila redio na kifurushi chake

Hii ndiyo njia ambayo wengi wanaingia bila kuichagua. Unanunua gari, linakuja na miezi ya bure (mitatu mara nyingi), miezi inaisha, unapigiwa simu au unaletewa barua yenye ofa nzuri, unatoa kadi. Mwaka unaofuata unanunua gari jingine, hadithi inaanza upya. Hukuwahi kukaa chini ukasema nataka vifurushi viwili. Vilikujia kimoja kimoja, kama wageni wa msimu wa sikukuu.

Faida yake ni kwamba kila mtu ana uhuru wake. Wewe uko Wyoming unasikiliza habari, mama watoto yuko foleni ya shule na nyimbo za injili, hakuna anayemkatia mwenzake, na hakuna anayehitaji bando la simu. Kwa familia yenye madereva wawili wa masafa, mume na mke kila mmoja na lori lake, naiona ndiyo njia ya haki. Sioni nyingine ya kuwashauri.

Kwa wengine, shida si bei peke yake, ni tarehe. Ofa inahusu redio moja na ina mwisho wake. Ya lori inaisha Machi, ya gari la nyumbani inaisha Agosti, ya tatu inaisha siku usiyoikumbuka. Ofa ikiisha bei inapanda yenyewe, kadi inaendelea kukatwa, na kwa kuwa makato yana jina lilelile kwenye taarifa ya benki, huoni kama ni redio moja au mbili. Mimi mwenyewe miezi ile saba niliyapitia makato yale kwa macho nikasema "ah, hii ni ya lori". Ya lori ilikuwa mstari wa chini yake.

Tufanye hesabu, na namba hizi ni za mfano tu, kwa sababu bei na ofa hubadilika. Chukua dola 20 kwa mwezi kwa redio moja. Redio tatu ni dola 60, kwa mwaka ni 720. Juu yake kuna kodi, na kwenye vifurushi vyenye muziki kuna ada ya mirabaha ya muziki, ambayo kampuni imekuwa ikiitoza kando ya bei tangu mwaka 2009. Bei unayoisikia kwenye simu haiwi bei utakayoiona kwenye kadi, kwa hiyo uliza hivi: "Nipe jumla, pamoja na ada na kodi, na unitajie tarehe ya mwisho."

Ukiamua kubaki kwenye njia hii, basi weka redio zote kwenye akaunti moja. Nimekutana na watu wenye akaunti mbili zenye barua pepe mbili kwa sababu kila gari lilinunuliwa siku yake. Kampuni imekuwa na desturi ya kupunguza bei kwa redio ya pili na kuendelea, lakini punguzo la namna hiyo linataka redio ziwe chini ya mwavuli mmoja. Kila redio ipe jina linaloeleweka: "lori", "Odyssey", "jikoni". Usiache namba tupu. Siku ya kuuza gari ndipo utajishukuru. Na kama binamu yako yuko Toronto, yeye ana kampuni yake: SiriusXM Canada ni kampuni nyingine, huwezi kumuingiza kwenye akaunti yako ya Marekani hata mkipendana namna gani.

Njia ya pili: redio moja ya kubeba

Hizi ni redio ndogo zinazochomolewa na kupachikwa, aina kama Onyx EZ au Roady. Unanunua redio moja na vikalio viwili au vitatu: kimoja lorini, kimoja kwenye gari la nyumbani, kimoja mezani jikoni, kila kikalio na waya wake wa umeme na antena yake. Namba ya utambulisho iko kwenye redio, kwa hiyo unalipia kifurushi kimoja na kuhama nacho. Ukiuza lori, unachomoa redio yako unaondoka. Kosa langu la pikapu lisingewezekana.

Kwenye karatasi ndiyo njia tamu kuliko zote. Nilikaa nayo karibu mwaka mmoja, na haya ndiyo niliyokutana nayo.

La kwanza ni antena. Antena ya gari ina sumaku chini, unaibandika juu ya paa. Gari dogo la bati hakuna neno. Kichwa cha lori ni habari nyingine: mapaa mengi ni ya fiberglasi, sumaku haina cha kushika. Inabidi uifunge kwenye mkono wa kioo cha pembeni, upitishe waya mlangoni mahali ambapo mlango hautaukata, na uhakikishe trela haiizibii antena mbingu. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa kazi hiyo, na waya wa kwanza niliukata kwa mlango wangu mwenyewe siku ya pili yake.

La pili ni sauti kuingia kwenye spika. Ukiwa na tundu la AUX, chomeka waya, umemaliza. Usipokuwa nalo, redio inajifanya kituo kidogo cha FM na redio ya gari inaidaka. Mashambani ni sawa. Ukiingia Houston au Dallas, ambako kila nafasi ya FM ina mwenyewe, unaanza kusikia mhubiri wa Kihispania juu ya mpira wako.

La tatu, jikoni. Kikalio cha nyumbani kina antena ya kuweka dirishani, na satelaiti za XM zimekaa juu ya ikweta, kwa hiyo kutoka huku unazitafuta upande wa kusini. Nyumba ninayopanga madirisha yake yote yanatazama kaskazini na ukuta wa jirani. Niliizungusha antena kwenye kila kona kama mtu anayetafuta kibla, hakuna kitu. Kikalio cha jikoni kiko kwenye boksi mpaka leo.

La nne halina ufundi. Redio ni moja, na wewe ukiwa safarini siku kumi, nyumbani hakuna redio. Mama watoto aliniuliza siku ya tatu tu: "Baba, sasa hiki kikalio mimi nakikalia mwenyewe?"

Kwa hiyo njia hii namshauri mtu mmoja, mwenye magari mawili, asiye na wa kugombania naye. Dereva anayebadilishiwa lori na kampuni yake kila baada ya miezi michache naye inamfaa sana, pengine kuliko njia zote. Kabla ya kununua redio au kikalio kilichotumika, angalia kama vinaingiliana. Si kila redio inakaa kwenye kila kikalio, na zile koo mbili nilizozitaja zinahusika hapa pia.

Njia ya tatu: satelaiti lorini, simu kwingineko

Vifurushi vingi vya satelaiti huja na haki ya kusikiliza chaneli zilezile kwenye programu ya simu, kwa barua pepe na neno la siri la akaunti yako. Watu wengi wanayo haki hiyo na hawajawahi kuigusa. Unalipia redio moja tu, ile iliyoko mahali pagumu, na kwingineko kote unatumia intaneti ambayo tayari umeshailipia kwa sababu nyingine.

Nani yuko mahali pagumu? Dereva. Njia ya US-50 inavyokata Nevada wameipa sifa ya barabara ya upweke kuliko zote Marekani, na ukiipita utaona kwamba simu nayo ina upweke wake. Magharibi ya Texas kuna vipande vya saa nzima ambapo simu ni saa ya mkononi tu. Huko satelaiti haina mpinzani: antena ikiona mbingu, unasikia. Mjini mambo yanageuka. Majengo marefu, maegesho ya chini ya ardhi, miti mikubwa, vyote vinaiziba mbingu, na ingawa kampuni ina mitambo ya ardhini ya kusaidia kwenye miji mikubwa, simu yako hapo ina nguvu zaidi. Gari la mama watoto linatembea nyumbani, shule, kazini, duka. Hajawahi kwenda mahali ambapo simu yake imekosa mtandao. Kulilipia redio ya satelaiti gari hilo ni kununua mwavuli wa kukaa nao sebuleni.

Gharama ya data watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama megabaiti 58 kwa saa. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, siku ishirini na mbili kwa mwezi: haifiki gigabaiti moja na nusu. Jikoni ni Wi-Fi, huhesabu kitu. Lakini dereva wa masafa akisikiliza saa kumi kwa siku kwa kasi hiyohiyo, anakaribia gigabaiti 13 kwa mwezi, na hiyo ni kama mtandao upo njia nzima. Ndiyo sababu ya kuacha satelaiti ibaki lorini.

Cha kukagua kabla hujaikumbatia njia hii ni idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kusikiliza kwa wakati mmoja kwa kifurushi chako, kwa sababu ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanzia. Na kama una gari jipya lenye mfumo wa 360L, ambao ulianza kuonekana kwenye pikapu ya Ram 1500 ya mwaka 2019, mambo haya mawili yamefungwa ndani ya redio moja: satelaiti ikipotea inachukua intaneti, ikirudi inarudi. Usidhani hiyo inakuondolea malipo. Bado ni redio yenye namba yake.

Njia ya nne: achana na satelaiti kabisa

Kuna usajili wa programu peke yake bila redio yoyote, na kwa kawaida ni nafuu kuliko wa satelaiti. Kwa mtu wa mjini asiyetoka mjini, sioni kwa nini alipe zaidi ya huo.

Na kuna swali ambalo tunalikwepa: tunasikiliza nini hasa? Dereva anayefuata Road Dog kwenye chaneli 146 kwa habari za malori, au ligi za michezo za Marekani, ana sababu ya kulipa. Lakini nimewauliza wenzangu kadhaa nikagundua wanalipia redio ambayo haina chaneli ya Kiswahili hata moja niliyoiona, halafu muda mwingi simu iko kwenye Bluetooth inacheza TBC Taifa, BBC, DW au RFI Kiswahili, ambazo kwenye intaneti ni bure. Kiangazi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku Dar inanikuta mimi saa sita mchana, nimeegesha, nafungua hotipoti. Hiyo siilipii senti.

Kwa macho ya haraka:

| Njia | Vifurushi unavyolipia | Pasipo na mtandao | Watu wawili kwa pamoja | Ukiuza gari |
|---|---|---|---|---|
| Kila redio na chake | sawa na idadi ya redio | inasikika | ndiyo | lazima ukumbuke kusitisha |
| Redio ya kubeba | 1 | inasikika | hapana | chomoa, ondoka nayo |
| Satelaiti lorini, simu kwingine | 1 | lorini tu | ndiyo, kagua idadi ya vifaa | redio moja tu ya kukumbuka |
| Intaneti peke yake | 1 au hakuna | kimya | inategemea kifurushi | haihusiki |

Kuhama na kusitisha

Ukibadili gari, usisitishe cha zamani na kuanza kipya kama wageni wawili wasiojuana. Omba kuhamisha kutoka namba hadi namba, na ubaki kwenye simu mpaka redio mpya ifunguke, gari likiwa nje. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia.

Kusitisha kuna historia yake. Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, aliishtaki kampuni akidai imefanya kujitoa kuwa safari ndefu bila sababu, na Novemba 2024 jaji akaona kwamba utaratibu uliotumika ulikiuka sheria ya shirikisho inayolinda wanunuzi wa mtandaoni. Kwa hiyo ukipewa ofa baada ya ofa unapotaka kutoka, si wewe wa kwanza. Ukiwa kweli unataka kubaki, ofa hizo ndizo bei ya kujadiliana. Ukiwa hutaki, jibu lako liwe sentensi moja isiyobadilika, kwa adabu, hata ikibidi uiseme mara sita. Usitoe sababu, kila sababu unayoitoa ina ofa yake.

Wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ndiyo siku ya kupiga simu. Siku yenyewe umechelewa, kwa sababu unaweza kuwa Nebraska una mzigo wa nyama na saa zako za usukani zinakwisha, na mambo ya redio hayatakuwa na nafasi kichwani.

Kwetu tuko njia ya tatu. Lori lina redio iliyofungwa humohumo, na kifurushi ni kimoja. Gari la nyumbani lilipomaliza miezi yake ya bure tuliiacha redio ikanyamaza, barua za ofa zinakuja na mama watoto anaziandikia orodha ya sokoni kwa nyuma. Anasikiliza kwa simu. Juu ya dashibodi yangu, kando ya picha ya watoto, kuna kipande cha utepe wa karatasi nilichokiandika kwa kalamu nzito: namba ya redio, na chini yake "piga simu 7 Machi".